Kiti cha Dirishani

Hapo zamani, na anayetaka kujua zamani ipi akamuulize bibi yake, wakati chai iliyotiwa kwenye chupa alfajiri ilikuwa bado inaunguza ulimi magharibi, palikuwa na kiwanda cha chupa za chai katika mji wa Jotoni. Mji huo uko bara, mbali na pwani, na jina lake si la mzaha. Ukianika nguo Jotoni, kabla hujafika ya mwisho, ya kwanza imeshakauka. Sasa sikilizeni vizuri, maana mwisho nitauliza swali, na atakayenijibu "sijui" ajue amekula karanga zangu bure.

Kiwanda hicho kilipita mikononi mwa matajiri wengi. Kwanza alikuja Mholanzi. Huyo saa ikigonga kumi na moja anapanda baiskeli anakwenda zake, hata kama mlikuwa katikati ya mazungumzo na wewe umeshika chupa ya moto. Akaja Mmarekani, mtu wa kucheka na kupiga watu mabegani. Anakuuliza hali ya watoto, mmoja mmoja kwa jina, halafu anakukabidhi boksi. Ukifungua boksi unakuta vitu vyako vyote vya mezani. Umefukuzwa, na mwenzako bado anacheka. Kisha akaja tajiri wa kwetu wenyewe. Huyo anakufukuza asubuhi kwa matusi. Mchana shangazi yako anakwenda kumjulia hali mkewe, jioni umerudi kazini, na kesho unafukuzwa tena.

Mwisho kiwanda kikanunuliwa na Wajapani, nao wakamleta Bwana Kuwabara.

"Hilo ni jina au amri?" watu wakaulizana. Maana wakubwa zake walimtaka akae bara, naye kweli akawa bara.

Bwana Kuwabara alikuwa mtu mwema. Mwembamba, msafi, shati limenyooka hata saa nane mchana. Kiswahili alijifunza kitabuni, akakisema chote, mpaka zile silabi ambazo sisi tunazimeza. Na alikuja na desturi zake. Asubuhi wote uwanjani, mikono juu, mikono chini, ruka, pumua, kwa muziki wa kaseti. Mama wa kantini akasema huyu mtu anatuandaa kwenda vitani. Akisalimia, anainama. Siku ya kwanza alimwinamia Mzee Shemdoe, fundi wa tanuri, kiuno kikapinda hasa. Mzee Shemdoe akaona kijana mwenye adabu anamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," akajibu.

Bwana Kuwabara akaandika maneno hayo kichwani. Tangu siku hiyo, kila mkubwa aliyetoka Japani kutembelea kiwanda alipokewa naye mlangoni kwa "Marahaba, mwanangu," na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumsahihisha.

Hayo madogo. Kilicholeta kisa ni kingine. Kwao Bwana Kuwabara, kampuni kubwa ikikuajiri imekuoa, na ndoa yenyewe haina talaka. Unaingia na nywele nyeusi, unatoka na mvi. Kumfukuza mtu ni aibu, na aibu hiyo humwangukia anayefukuza. Tena huko kwao jambo baya halisemwi mdomoni. Mtu mzima haambiwi, anasoma hewa. Ndivyo wanavyoita wenyewe, kusoma hewa. Wakitaka kukuambia hapana, wanavuta pumzi kwa meno, sss, kisha wanasema, "Hilo ni gumu kidogo." Nawe ukiwa umelelewa vizuri unainama, unaondoka, na wala huulizi tena.

Sasa hewa ya Jotoni ina vumbi jingi. Haisomeki.

Palikuwa na mkaguzi wa vifuniko akiitwa Kinyogoli. Kazi yake ilikuwa kuona kwamba kila kifuniko kimekaa. Siku moja akapitisha lori zima la chupa ambazo vifuniko vyake havikukaa hata kimoja, na chupa hizo zikaenda moja kwa moja harusini. Chai ikammwagikia bibi harusi. Ikammwagikia sheikh. Ikammwagikia mpiga picha, na picha zote za harusi ile mpaka leo zina rangi ya chai ya maziwa.

Mji mzima ulijua kwamba Kinyogoli amekwisha. Mholanzi angemwandikia onyo, Mmarekani angempa boksi, wa kwetu angempa tusi. Bwana Kuwabara hakusema kitu. Alishinda na njaa akifikiri, kisha akafanya kile ambacho kingefanywa kwao.

"Ndugu Kinyogoli," akasema, "kuanzia leo, wewe utakaa pale, dirishani."

Niwaambie maana yake, kwa sababu Kinyogoli hakuambiwa. Kule kwao dirishani ni mahali pa msiba. Mfanyakazi asiyefaa hafukuzwi, anahamishiwa dirishani. Anapewa kiti, anapewa meza isiyo na kitu, hapewi kazi. Anatazama nje. Wenzake wanapita kama vile pale pana ukuta. Aibu inamla kidogo kidogo mpaka mwenyewe anaandika kuacha kazi. Wanaume wenye wajukuu wamelia mahali pale.

Haya, Kinyogoli akaketi. Kwanza akapigwa na upepo. Dirisha lile ndilo pekee kiwanda kizima lililopata upepo, nalo lilitazama njia ya sokoni, kila apitaye unamwona. Kisha akaitazama meza. Tupu! Moyo ukamwenda mbio. Maana hapa kwetu mkubwa unamjua kwa kitu gani? Mwenye meza iliyofurika makaratasi ni karani. Mwenye makaratasi machache ni mkuu wa makarani. Na mwenye meza tupu kabisa? Aa, mnacheka nini, si mmekwenda maofisini nyinyi!

"Alhamdulillahi," Kinyogoli akanong'ona. Akatuma habari nyumbani, mkewe akachinja mbuzi.

"Kammwagia bibi harusi chai, wakampandisha cheo," watu wakasema. "Angemmwagia na bwana harusi, angekuwa mkurugenzi."

Bwana Kuwabara akasubiri aibu ifanye kazi yake. Akamwona Kinyogoli ananenepa. Akajiambia, labda hewa haijawa nzito ya kutosha. Akaondoa simu mezani.

"Mnaona?" watu wakasema. "Mkubwa hataki kusumbuliwa."

Akaondoa kalamu.

"Mnaona? Sasa haandiki, anaandikiwa."

Akazisogeza meza za wengine zote mbali naye, Kinyogoli akabaki peke yake mithili ya kisiki shambani.

"Mnaona? Amepewa nafasi ya kupokea wageni."

Na wageni wakaja kweli. Shikamoo mzee, marahaba, shikamoo mzee, marahaba, asubuhi mpaka jioni. Waliogombana wakaja kupatanishwa dirishani. Waliotaka kuoa wakaja kuomba wasemewe. Muuza maandazi alikuwa hamuuzii mtu kabla hajapita dirishani kuonjesha. Uchaguzi ulipofika wakamfanya diwani, maana wangempata wapi mwingine mwenye meza tupu kuliko yule? Kinyogoli akaacha kazi akaondoka kwa vigelegele, na kiti kikabaki kitupu.

Bwana Kuwabara akashusha pumzi. Dawa ilikuwa imefanya kazi, japo ilipitia njia isiyojulikana na madaktari. Akaamua kuweka pale chungu cha maua, mambo yaishe.

Hakuwahi. Asubuhi, baada ya mikono juu, mikono chini, Mzee Shemdoe wa tanuri alimfuata na kofia mkononi.

"Bosi, kiti kile ni changu," akasema. "Kwenu mkubwa kwa umri ndiye mkubwa kwa cheo. Mwenyewe umetufundisha, na mimi nikakupenda kwa hilo. Basi mkubwa hapa ni nani? Mholanzi kanikuta, Mmarekani kanikuta, wewe umenikuta. Miaka yote hiyo nimesimama mbele ya moto, katika mji ambao hata jiwe linatoka jasho. Magoti yamekwisha. Naomba upepo kabla sijafa."

Bwana Kuwabara akashtuka. Mzee Shemdoe alikuwa mtu wa kazi, hakuwahi kuharibu chupa. Angewezaje kumpa adhabu mtu kama huyo? Akavuta pumzi kwa meno, sss.

"Mzee Shemdoe, hilo ni gumu kidogo."

Uso wa mzee ukang'aa. "Kidogo si neno, mwanangu. Ungesema gumu sana, hapo ningeogopa." Akaenda kumwambia mkewe atafute mbuzi.

Kabla kiti hakijapoa, akaja Bi Mwanahawa, karani wa stoo.

"Bosi, kiti kile ni changu," akasema. "Hapa ndani nani hajawahi kuondoka kabla yako hata siku moja? Wenzangu saa zikifika wanateleza mmoja mmoja. Mimi nabaki. Watoto wanalala bila kuniona. Mume wangu ameshaniuliza wewe ni nani kwangu. Na nasinzia mezani, sikatai."

"Kusinzia si kosa," Bwana Kuwabara akasema upesi. "Kwetu anayesinzia kazini ni mtu aliyechoka kwa bidii. Nimekuona, nikasema, huyu mama anajitoa. Lakini Bi Mwanahawa, kila jioni ulikuwa na kazi gani?"

"Kazi? Kazi sina! Wewe ni mgeni. Umetoka mbali, huna ndugu hapa. Nani kakwambia sisi tunamwacha mgeni peke yake na taa?"

Bwana Kuwabara akashika meza. "Mimi nilikuwa nakusubiri wewe! Nilisema, siwezi kumwacha mfanyakazi mwenye bidii namna hii, nitamvunja moyo."

Wakatazamana. Miezi yote ile kila mmoja alikaa na njaa akimsubiri mwenzake aondoke.

"Sasa si ndiyo nastahili kiti?" Bi Mwanahawa akasema.

Sss. "Hilo ni gumu kidogo."

"Kama ni kidogo tu, bosi, tutasaidiana." Naye akaenda kutafuta mbuzi.

Wa tatu akawa Pazi. Pazi alikuwa mtu wa mashine ya kukata vifuniko, na jina lake lilitajwa kiwandani kila kitu kilipovunjika. Huyo alikuja amekasirika.

"Bosi, kiti kile ni changu, na nimeibiwa!" akasema. "Kinyogoli alipewa kwa ajili ya vifuniko vya harusi, sivyo? Vifuniko vile alivikata nani? Nilivikata mimi! Niliigeuza mashine kinyume, nikakata kutwa nzima huku naimba. Kinyogoli kazi yake ilikuwa kutazama, na wala hakutazama. Yaani mtu hakufanya kitu, kosa nimelifanya mimi kwa jasho langu, halafu udiwani anapata yeye. Hiyo ni haki?"

Hapo Bwana Kuwabara aliona kizunguzungu, kwa sababu huyu hasa, kwa sheria ya dirishani, ndiye aliyefaa. Lakini atampaje adhabu mtu anayeidai kwa kelele? Adhabu ya namna hiyo ni sikukuu.

Sss. "Hilo ni gumu kidogo."

"Kidogo kwako," Pazi akasema. "Mimi mbuzi nimeshalipia."

Maneno ya Pazi yakasambaa, na watu wakashika lile la makosa. Kumbe kiti kinapatikana kwa kuharibu! Mmoja akabandika mishikio ndani ya chupa. Mwingine akatengeneza chupa isiyo na tundu, akaileta kwa bosi kwa fahari. Chupa za kiwanda kile zilizokuwa zikitunza moto zikaanza kugandisha chai. Wateja wakapiga kelele, na kelele zikafika Osaka, makao makuu.

Osaka wakapiga simu. Hawakufoka, hawafoki wale. Walimuuliza hali ya hewa. Wakamwambia amefanya kazi nyingi, bila shaka amechoka. Mwisho wakamwambia, kwa sauti laini kabisa, "Rudi nyumbani, Bwana Kuwabara. Tumekuandalia mahali penye mwanga mzuri."

Nyinyi mmesikia mwanga mzuri, mkafurahi. Bwana Kuwabara alikuwa msomaji wa hewa tangu utotoni. Aliweka simu chini, akakaa sakafuni na shati lake lililonyooka.

Wakamkimbilia wale watatu waliodai kiti, huyu na maji, huyu na kofia ya kupepea. Na pale sakafuni, kwa mara ya kwanza maishani mwake, Bwana Kuwabara akasema jambo baya kwa mdomo. Aliwaeleza kiti cha dirishani ni nini. Akawaeleza yote, ya simu, ya kalamu, ya kuzisogeza meza, na ya ule mwanga mzuri wa Osaka.

"Yaani Kinyogoli alikuwa anaadhibiwa?" Mzee Shemdoe akauliza.

"Ndiyo."

"Na sisi tulikuwa tunamwamkia?"

"Ndiyo. Kila siku."

Pazi akacheka mpaka akatoka nje kupata pumzi. Lakini Bi Mwanahawa hakucheka.

"Na wewe sasa wanakwenda kukukalisha hapo, kwenu?"

"Ndiyo."

"Hao wenzako, nani atakuwa anakusalimia?"

"Hakuna."

"Hata asubuhi? Hata 'umeamkaje' tu?"

"Nimekaa nao miaka thelathini," Bwana Kuwabara akasema. "Mimi mwenyewe nimewapita watu wa dirishani nikitazama ukuta. Nilijua majina yao wote."

Bi Mwanahawa akafunika mdomo kwa kanga. Hapa kwetu hata mfungwa aliye njiani na pingu anasalimiwa, tena anaulizwa nyumbani hawajambo. Ikawauma wote, na Pazi aliporudi ndani na kuziona nyuso zao, ikamuuma na yeye.

Basi Bwana Kuwabara akainuka, akapangusa suruali, akawapigia Osaka. "Kama ni lazima nikae dirishani," akawaambia, "naomba nikae dirisha la Jotoni."

Osaka wakavuta pumzi, sss, mpaka ikasikika kwenye waya. "Hilo ni gumu kidogo."

Na Bwana Kuwabara, ambaye alikuwa ameshakaa bara kiasi cha kutosha, akawajibu, "Kidogo si neno, wanangu."

Kule hawajawahi kujibiwa hivyo. Walishauriana, wakashauriana, kisha wakasema: haya, lakini kampuni itagharamia kiti kimoja tu, atakayekikalia atakikalia mpaka uzee wake, na atakayekikalia lazima akubaliwe na wote wanaokitaka, bila mmoja kununa. Akipatikana mwingine, Bwana Kuwabara apande ndege.

Wakaitisha mkutano. Mlidhani wale watatu, baada ya kusikia ukweli, waliona haya wakajitoa? Hamwajui watu wa Jotoni.

"Iwe cheo, iwe adhabu, upepo ni ule ule," Mzee Shemdoe akasema. "Magoti yangu hayajui Kijapani. Mimi ndiye mkubwa, na moto umenila kuliko mtu yeyote hapa. Bosi nampenda, lakini yeye ni kijana, bado ana miguu ya kutembelea."

"Mimi nimetoa jioni zangu zote," Bi Mwanahawa akasema. "Watoto wangu wamekua nikiwa namlinda mgeni asikae peke yake. Namhurumia, Mungu ananiona. Lakini huruma yangu ndiyo iliyonigharimu, sasa mnataka inigharimu tena? Nikae pale angalau saa za kazi, niende nyumbani na nguvu."

"Mimi ndiyo nimeshinda kabisa," Pazi akasema. "Nyinyi mnasema ni adhabu. Ya kosa gani? La vifuniko. Kosa la nani? Langu. Kinyogoli alinichukulia mara ya kwanza nikanyamaza. Sasa mtaninyang'anya na adhabu yangu mwenyewe, jamani, kwa kosa gani?"

Bwana Kuwabara akasimama. Safari hii hakuinama.

"Kwa sheria ya kwetu, kiti hiki ni cha aliyeshindwa," akasema. "Pazi ameharibu vifuniko. Mimi nimeharibu kiwanda kwa sababu sikuweza kumwambia mtu mmoja, 'Umekosa.' Nimeshindwa kuliko nyote. Na nyinyi mkikosa kiti mtakwenda nyumbani leo, na njiani mtasalimiwa. Mimi nikikosa, kuna dirisha jingine linanisubiri. Ninalijua. Linatazama ukuta."

Kila mmoja akatazama vidole vyake. Nje upepo wa jioni ukaanza, ukaingia dirishani, ukapita juu ya kiti kisicho na mtu.

Sasa nyinyi mliokula karanga. Usiniambie waongeze kiti, wewe, kampuni imesema kimoja. Usiniambie wakalie kwa zamu, hicho ni cha mpaka uzee. Mzee amekipata kwa miaka, mama amekipata kwa subira, Pazi amekipata kwa kosa, na bosi amekipata kwa kushindwa, na ndege iko uwanjani.

Je, nani alistahili kukaa dirishani?